Jina Unalotaka Kulikata: Barua kwa Mwana wa Kaka

Bugarama, Rumonge

Mwanangu mpenzi,

Mvua imenyesha wiki nzima na njia ya kuteremka Magara imekuwa utelezi mtupu, lakini ndagala zinapatikana, na juzi baba yako alileta madumu mawili ya mawese. Moja ni lako, nimeliweka jikoni nyuma ya mlango.

Karatasi yako ya pendekezo niliipata. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa usiku, haraka haraka, kwa furaha ya kuona mtoto niliyemshika mkono kuandika herufi zake za kwanza leo anataka kuirekebisha lugha ya Java. Mara ya pili niliisoma asubuhi, kalamu mkononi. Mara ya tatu ilikuwa jana, kompyuta ikiwa mbele yangu, nikijaribu mfano mmoja mmoja uliouandika. Kwa hiyo haya ninayokuambia sikuyabahatisha.

Unasema umechoka kuandika `Mvuvi::jina`. Orodha ikiwa ni ya wavuvi, kompaila inajua ni ya wavuvi, basi kwa nini kuiambia tena? Unataka tuandike `wavuvi.stream().map(::jina)` na yaishe. Umehesabu hata herufi zitakazookolewa katika mradi wenu wa chuo. Usumbufu ulioueleza ni wa kweli, nami nimeuonja miaka yote niliyofanya kazi Bujumbura. Klasi zenye majina marefu kama treni huujaza mstari mpaka macho yasione kinachotendwa. Sitakuambia uache. Nakuambia pendekezo halijaiva, na nitakuonyesha lilipo bichi.

Tuanze na swali ambalo karatasi yako imeliruka: zile nukta pacha mbili zina kazi gani?

Fikiria maneno tunayosema kila siku. Nikikuambia "pika", nimeamuru, na moto utawashwa. Nikisema "anapika", kuna mtu yuko jikoni. Lakini nikisema "kupika", hakuna sufuria iliyoinjikwa. Nimelitaja tendo bila kulitenda, na sasa naweza kulishika kama kitu na kumkabidhi mwingine: nifundishe kupika, mwachie dada yako kupika. Kirundi nacho kinafanya hivyohivyo kikisema guteka. Silabi moja mbele ya kitenzi hubadilisha amri kuwa jina. Katika Java mabano ndiyo amri: `mvuvi.jina()` inakwenda kuleta jina sasa hivi. `Mvuvi::jina` ni "kupata jina la mvuvi", tendo lililotajwa tu, ambalo utampa `map` alitende atakapolihitaji. Zile nukta ndiyo ku- ya Java.

Ukishaliona hilo, utaelewa kwa nini kila lugha imehangaika kwa namna yake. Python haikuhitaji alama yoyote: ukiacha mabano umetaja, ukiweka mabano umeamuru. C# ilifuata njia hiyo tangu toleo lake la 2 la mwaka 2005. Ruby haikuweza, kwa sababu ndani yake jina peke yake, hata bila mabano, tayari ni amri. Huko ukitaka kulitaja tendo sharti useme kirefu, `Math.method(:sqrt)`. Watu walichoka kama ulivyochoka wewe, na yaliyowapata ningependa uyakumbuke kila ukikaa kuandika pendekezo.

Tarehe 30 Mei 2019 lilitoka toleo la kwanza la majaribio la Ruby 2.7. Ndani yake mlikuwa na alama mpya, nukta ikifuatwa na nukta pacha, hivi: `Math.:sqrt`. Ilikuwa fupi na safi, na ilikuwa imeshakubaliwa. Watu wakaanza kuizoea. Novemba mwaka huohuo ikaondolewa, na Ruby 2.7 yenyewe ilipotoka tarehe 25 Desemba 2019 haikuwa nayo. Yukihiro Matsumoto, aliyeiunda Ruby, hakusema kwamba alama ina sura mbaya. Alichotaka ni kwamba mambo yote ya kupitisha matendo kama vitu yatazamwe kwa pamoja kwanza, badala ya kuongeza kipande hapa na kipande pale. Toleo hilo lilileta `_1` kwa ajili ya kitu kinachopitishwa, na miaka mitano baadaye, Desemba 2024, Ruby 3.4 ikaleta neno `it`. Alama ya nukta na nukta pacha haijarudi hadi leo. Nakuambia haya kwa sababu wewe umeleta kipande. Hujasema kitakaaje na vingine vilivyomo ndani ya nyumba.

Sasa twende kwenye Java yenyewe. Marejeo ya methodi, yaani maandishi kama `Mvuvi::jina`, yaliingia pamoja na lambda katika Java 8, tarehe 18 Machi 2014, baada ya kazi ya miaka chini ya pendekezo rasmi JSR 335 iliyoongozwa na Brian Goetz. Yapo ya aina nne: la methodi ya klasi yenyewe, kama `Math::sqrt`, la kitu maalumu ulichokishika tayari, kama `System.out::println`, la kitu chochote cha klasi fulani kitakachokuja, kama `Mvuvi::jina`, na la kuunda kitu kipya, `Mvuvi::new`. Karatasi yako inazungumza kana kwamba ipo ile ya tatu peke yake. Msomaji akikutana na `::jina` bila kitu mbele, aitie katika aina ipi?

Ulitarajia nitasema kwamba kompaila itachanganyikiwa mara chache tu. Sivyo. Jaribu mstari huu, ambao kila mtu huuandika siku anapotaka orodha kutoka mwisho kwenda mwanzo:

`wavuvi.sort(Comparator.comparing(Mvuvi::jina).reversed());`

Unapita. Sasa badilisha kipande cha katikati, weka lambda, `m -> m.jina()`. Kompaila inakataa, inakuambia haiijui `jina`. Ajabu, maana kwa macho yako vitu hivi viwili ni kimoja. Sababu ni `.reversed()` iliyo mwishoni. Kwa ajili yake, kompaila inalazimika kuamua `comparing` inalinganisha vitu gani kabla haijafika nje na kuona kwamba `sort` inawataka wavuvi. Ikiwa ndani kuna `m` tu, hakuna pa kushika, inadhani `m` ni `Object`, na `Object` hana jina. Ikiwa ndani kuna `Mvuvi::jina`, na klasi hiyo ina methodi moja tu ya jina hilo, neno `Mvuvi` linaiambia kompaila kila kitu. Neno lile ulilolikata kwa kuliona ni marudio, hapa ndilo lililobeba mzigo wote. Mfano huu haumo katika karatasi yako. Ulitakiwa kuwa ukurasa wa kwanza.

Nimekaa nikatafuta namna ya kukueleza jambo hili uliguse kwa mkono, na jibu likawa jina la mahali tulipozaliwa.

Mwaka ule nilipotaka betri ya sola, nilimwomba kijana mmoja aniletee kutoka Bujumbura. Nilimwambia, "Panda gari la Bugarama." Kwangu neno lilikuwa kamili. Nilikuwa nyumbani, ziwa likionekana kule chini, na Bugarama nyingine haikuwapo kichwani mwangu. Naye hakukosea hata kidogo: aliuliza gari la Bugarama, akaonyeshwa gari la Bugarama, akapanda. Jioni alinipigia simu akiwa Bugarama ya Muramvya, juu kabisa, pale barabara ya Kayanza inapoachana na ile ya Gitega, baridi inamchoma, amezungukwa na mafungu ya kabichi na karoti, na betri yangu ipo miguuni pake. Iko Bugarama nyingine ng'ambo ya mpaka, Rwanda, upande wa Rusizi, kwenye joto na mashamba ya mpunga. Iko nyingine Tanzania, kule Kahama karibu na mgodi wa Bulyanhulu. Kwa mtu aliyesimama Magara, "Bugarama" inatosha, na ukimwongezea "ya Rumonge" atakushangaa. Kwa mtu aliyesimama kituo cha magari Bujumbura, "ya Rumonge" ndiyo sehemu ya lazima ya jina.

Kompaila, mwanangu, mara nyingine imesimama Magara na mara nyingine imesimama kituoni. Katika `wavuvi.stream().map(::jina)` iko Magara: wavuvi wametajwa kushoto, hakuna wa kuuliza. Katika `Comparator.comparing(::jina).reversed()` iko kituoni Bujumbura na magari yote yanaita. Pendekezo lako limeandikwa na mtu aliyeko Magara.

Hata jina likitajwa, bado halitoshi siku zote. Unamjua `Integer::toString`? Ukiwa na mfululizo wa `Integer` ukaandika `map(Integer::toString)`, kompaila inakataa, inasema kuna methodi mbili na haijui ipi. Klasi ya `Integer` ina `toString()` ambayo kila kitu kinayo, na ina `toString(int)` ambayo ni ya klasi yenyewe. Zote mbili zinafaa mahali pale, na nukta pacha mbili hazisemi ni aina ya kwanza au ya tatu. Huo ni ufinyu uliomo tangu 2014, na wewe unataka kupunguza maelezo zaidi. Eleza katika karatasi yako: `::toString` kwenye mfululizo wa `Integer` itafanya nini? Hata ukijibu kwamba itakataliwa, liandike jibu hilo.

Halafu kuna majirani. Wenzako wengi chuoni wanatengeneza programu za simu, kwa hiyo wanaandika Kotlin asubuhi na Java jioni. Kotlin ilikutangulia kuichukua `::jina` bila kitu mbele. Tangu toleo la 1.2, Novemba 2017, ukiwa ndani ya klasi maandishi hayo ni ufupisho wa `this::jina`, yaani la kwangu mimi mwenyewe. Wewe unataka maandishi yaleyale, herufi kwa herufi, yamaanishe la yeyote atakayekuja. Programu zote mbili zitapita bila malalamiko na zitasema mambo tofauti. Hapo sina subira. Ufupisho unaofanana na wa jirani huku maana yake ni nyingine ni mtego, na aliyeutega hatakuwapo siku mtu atakaponaswa.

Nimeshanaswa mimi. Sijawahi kukusimulia, kwa kuwa kwa muda mrefu iliniuma.

Nilikuwa nikitunza programu ya chama kimoja cha akiba na mikopo. Kila muamala ulipaswa kuandikwa katika daftari la siku. Nilikuwa na mstari wa lambda uliosema `x -> daftari.laLeo().andika(x)`. Ulifanya kazi vizuri. Siku moja nikiwa nasafisha msimbo, kihariri kikanipendekezea niubadilishe uwe rejeo la methodi, nikakubali, ukawa `daftari.laLeo()::andika`. Ulipendeza. Niliujaribu mchana, ukapita majaribio yote. Ambacho sikukijua ni kwamba katika rejeo la aina ya pili, kilichoko kushoto mwa nukta pacha hutafutwa mara moja tu, pale rejeo linapoundwa. Lambda hukitafuta upya kila inapoitwa. Kwa hiyo programu ililishika daftari la siku ilipowashwa, na saa sita ya usiku ilipopita, ikaendelea kuandika amana za leo katika daftari la jana. Ilichukua siku nne mtu kugundua. Kuna mama mmoja, muuza samaki aina ya mukeke, aliambiwa dirishani kwamba pesa aliyoiweka asubuhi haionekani. Pesa haikupotea, tuliirudisha mahali pake muamala mmoja mmoja kwa muda wa usiku mbili. Lakini yule mama alisimama pale mbele ya watu akionekana mwongo, kwa sababu nilipenda mstari mfupi.

Tangu hapo nausoma kila ufupisho nikiuliza umeacha nini nje. Ku- ile haitofautishi kupika leo na kupika siku itakapohitajika, na katika msimbo tofauti hiyo ni pesa ya watu. Pendekezo lako halisemi neno juu ya wakati. Katika umbo lako hakuna kitu kushoto cha kutafutwa, kwa hiyo pengine liko salama kuliko langu, na hiyo ni hoja nzuri ya upande wako ambayo hukuitumia! Iandike.

Sasa niseme ninachokiunga mkono, usije ukadhani shangazi ameketi kubomoa tu. Scala inakupa unachokitaka: `wavuvi.map(_.jina)`. Kistari cha chini ni nafasi iliyoachwa wazi kwa atakayekuja. Nayo ina mpaka uleule: mahali ambapo aina ya kitu haijajulikana, Scala haikisii, inakataa na kusema aina imekosekana, nawe unaiandika. Watu wameishi na mpaka huo miaka mingi. Kwa hiyo ufupisho wako unawezekana ukiufunga: uruhusiwe pale tu ambapo aina ya kitu kitakachopitishwa imeshajulikana, na kwingine kote kompaila ikatae kwa maneno yanayoeleweka. Huko kukataa nakuhesabu kuwa sehemu bora ya pendekezo. Afadhali dereva anayekuuliza "Bugarama ipi?" kabla hujapanda.

Alama yenyewe sharti uibadilishe, kwa sababu ya Kotlin niliyoisema. Na kabla hujakimbilia `_` ya Scala, ujue kwamba Java imeshaipa kazi nyingine: tangu Java 9 haikubaliki kuwa jina la kawaida, na katika Java 22, Machi 2024, ikawa alama ya kitu kisichohitajika. Ukiipa maana ya kitu kinachongojewa, utakuwa umeigeuza juu chini. Sina jibu tayari la alama. Hiyo ni kazi yako, na ni ndogo kuliko unavyoidhani. Watu watagombania sura ya alama kwa miezi, huku swali la maana limekaa pembeni bila mtu wa kulijibu. Wewe lijibu kwanza lile la maana.

Jiandae pia kwa moyo. Guido van Rossum aliiongoza Python tangu alipoianzisha, na Julai 2018, baada ya mabishano makali juu ya PEP 572, pendekezo la kuongeza alama ya herufi mbili tu, `:=`, alilikubali kisha akajiuzulu uongozi. Aliandika kwamba amechoka kupigania jambo huku wengi wakiudharau uamuzi wake. Kama mtu wa heshima ile alifikishwa hapo na herufi mbili, wewe usiingie ukidhani hoja nzuri inatosha. Wasomaji wako wengi hawatakujua na hawatakuwa na muda. Wape mifano ambapo ufupisho wako unashindwa kabla hawajaitafuta wenyewe, nao watakuamini katika ile inayofaulu.

Basi andika upya. Nataka kurasa mbili, zisizidi. Ukurasa mmoja uwe na mistari kumi kutoka msimbo halisi wa mradi wenu, kila mmoja kwa umbo la sasa, kwa lambda na kwa umbo lako, pamoja na jibu la kompaila. Ukurasa wa pili uwe na mistari inayokataliwa: `comparing` yenye `reversed`, `Integer` na `toString` zake, methodi zenye jina moja na vigezo tofauti, na mvuvi ambaye ni `null`. Zaidi ya hayo, mpe rafiki yako asiyejua pendekezo hili mistari mitano ya umbo lako aisome kwa sauti, akuambie kila mmoja unafanya nini. Usimsaidie. Akikwama, andika alipokwama.

Njoo mwezi utakapokuwa mpevu. Usiku huo taa haziwavuti ndagala, mitumbwi itakuwa imevutwa mchangani, na kaka zako watakuwa nyumbani badala ya ziwani, kwa hiyo mezani tutakuwa wote. Ukipanda gari, mwambie dereva Bugarama ya Rumonge. Na hadi tuzisome kurasa hizo mbili pamoja, nakuomba usilitume pendekezo lako popote.

Akupendaye,
Shangazi yako